Samaki wa Tangi la Kanisa

"Hivi kwa nini tangi linasema na simu ya Mwalimu, na mimi halinisemeshi, wakati maji yake nakunywa mimi?"

Swali hilo aliliuliza bibi Kalolaine asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, akiwa amesimama mbele ya tangi la kanisa na ndoo tupu mkononi. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua habari za mgeni aliyefika kijijini, akazisalimia nyumba zote, akairuka ya kwake. Tokilupe, mtoto wa jirani yake, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alicheka kidogo, akasogeza ndoo yake mbele.

Miaka mingi imepita. Bibi Kalolaine amelala kaburini, chini ya mchanga mweupe ambao wajukuu zake huubadilisha kila mwaka. Tokilupe mwenyewe ana watoto siku hizi. Lakini mpaka leo, mvua ikianza kugonga bati la kanisa, huacha anachokifanya na kutega sikio. Anasikiliza kamba ya tangi la kanisa. Kamba ile hulia kwa sauti nyembamba ikipita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuvutia kamba, na akiisikia tu anarudi kuwa mtoto wa darasa la sita katika kisiwa chao, kimoja cha visiwa vya Ha'apai, miguu peku, nywele zimesukwa mkia mmoja, harufu ya saruji iliyolowa ikimjaa puani.

Wakati huo maji ya kunywa yalitoka mbinguni. Yalishuka juu ya paa la kanisa, yakapita kwenye mifereji ya bati, yakaingia kwenye tangi kubwa la saruji lililojengwa ubavuni mwa kanisa. Kisima kilikuwepo, lakini maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Chai iliyopikwa kwa maji ya kisima hata sukari haikuweza kuiokoa.

Kila siku kabla ya shule Tokilupe, au Toki kama wote walivyomwita, alifagia majani ya mshelisheli uani, akawapa nguruwe maganda ya muhogo, kisha akaenda kuchota ndoo moja ya maji. Alipokuwa mdogo zaidi alikwenda na babu yake, mzee Penisimani, seremala wa mashua. Babu huyo ndiye aliyetengeneza samaki.

Alikuwa samaki wa mti, mrefu kama mkono wa mtu mzima, amechongwa magamba na kupakwa rangi ya buluu. Tumboni babu alimtia chubwi, vile vipande vya risasi vya mshipi wa kuvulia, ili awe mzito. Kamba ilimfunga mgongoni, ikapanda ukutani, ikapita kwenye kapi juu ya tangi, ikashuka ndani mpaka kwenye boya lililoelea juu ya maji. Maji yakipanda, boya lilipanda na samaki akashuka. Maji yakishuka, samaki akapanda. Nyuma yake babu alipigilia ubao, akachora picha: chini kabisa beseni la kufulia, katikati sufuria, juu kabisa kikombe.

"Babu, kwa nini anakwenda kinyume?" Toki aliwahi kumuuliza.

"Kinyume wapi? Akishiba analala. Akiwa na kiu anapanda juu kutazama kama mvua inakuja. Wewe ungefanyaje?"

Hivyo ndivyo walivyoishi. Samaki akiwa kwenye beseni, wanawake walifua na kuimba. Akipanda kwenye sufuria, mabeseni yalirudi nyumbani, yakabaki maji ya kupikia na kunywa. Akifika kwenye kikombe, kila mtu alikunywa kwa kiasi na kuomba Mungu. Hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa hakuna aliyebishana na samaki.

Kisha babu alifariki, na mwaka uliofuata kikaja kimbunga. Kiling'oa mfuniko wa tangi pamoja na kapi na kamba. Samaki aliokotwa kwenye migomba, jicho moja limebanduka rangi. Mama yake Toki alimfuta, akamtundika ukutani sebuleni, karibu na picha ya babu. Mfuniko mpya ulipowekwa haukuwa na mahali pa kamba, na watu wakazoea kupanda ngazi na kuchungulia ndani, kila mmoja akitoka na habari yake.

Ndipo alipokuja Mwalimu Folau. Alikuwa kijana wa hapohapo Ha'apai, amesoma ng'ambo, ana miwani na kicheko cha karibu. Alikuja na kijisanduku cheupe, akakifunga ndani ya mfuniko, juu yake akaweka kipande cha sola. Kijisanduku kilikuwa na kitu kama jicho. Lilitazama maji mchana kutwa na kuipelekea simu ya Mwalimu nambari. Nambari ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa ndani ya mfuko wa Mwalimu.

Siku ile ya swali la bibi Kalolaine, Toki alipofika darasani alilirudia kama alivyolisikia. Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa juu ya meza, akavua miwani.

"Nikiwa chuoni," alisema, "tulisoma kuhusu watu wanaofikiria mambo yajayo. Wanasema zinakuja siku ambapo vitu vitajuana na kupashana habari. Mashua itamwambia mwenyewe kwamba inaingiza maji. Jiko litajua kuni zimebaki ngapi. Mwavuli nao utajua uko wapi."

"Mwavuli wa mama yangu utasema, 'Nimesahauliwa kanisani tena,'" alisema Paulasi, na darasa zima likaangua kicheko.

"Na nguruwe wetu, Mwalimu?"

"Nguruwe wenu anasema tayari, mimi namsikia mpaka nyumbani kwangu. Sasa sikilizeni. Mimi nilidhani kazi ngumu ni kukifanya kitu kijue. Tangi letu linajua. Ila limejua, halafu limeninong'oneza mimi peke yangu. Bibi Kalolaine hana simu, macho yake yamechoka, na mkononi ana ndoo. Tangi limwambieje mtu kama yule? Kila mmoja anijibu kesho."

Toki hakungoja kesho. Mkono wake ulikuwa juu kabla Mwalimu hajavaa miwani.

"Babu yangu alishalijibu, Mwalimu. Jibu liko ukutani kwetu."

Jioni Mwalimu alifika nyumbani kwao. Mama alimkaribisha chai na mkate, lakini chai ilipoa. Mwalimu alisimama mbele ya samaki na ule ubao wa picha, ambao mama alikuwa ameuhifadhi nyuma ya kabati, akawa anautazama kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Tazama, Toki. Babu hakuandika maji yamebaki kiasi gani. Alichora mtayafanyia nini. Mimi mfukoni nina nambari, na kila ninayemwonyesha ananiuliza, 'Sasa hiyo ni nyingi au ni kidogo?' Mzee huyu alianza na swali la mwisho." Aligeuka na kucheka. "Nimekwenda kusoma mambo yajayo mbali kote kule, kumbe mengine yalishapita hapa na mimi nikiwa sijazaliwa."

Basi samaki na ubao wake wakarudi kwenye tangi. Mwalimu alitaka kijisanduku chenyewe kimvute kwa mota ndogo ya umeme. Mota aliagiza, lakini meli ilikuja bila mota, na iliyofuata nayo vivyo hivyo. Wakati wakisubiri, walipigilia misumari mitatu pembeni ya picha. Kila asubuhi Mwalimu aliangalia simu, akamwambia Toki, na Toki akamtundika samaki panapostahili.

"Ni kwa muda tu," alisema Mwalimu.

Toki hakuona haraka ya mota. Alipenda kazi ile. Alipenda jinsi wanawake walivyomtazama akifika, na jinsi bibi Kalolaine alivyosema, "Haya, mjukuu wa Penisimani, leo tunafua au tunafunga?" Alipomshika samaki, vidole vyake vilipita mle mle ambamo patasi ya babu ilipita, na ilikuwa kama wamekwenda tena kuchota maji pamoja.

Mvua ya Aprili ilikatika mapema mwaka ule. Jumapili ya Watoto, ile ya kwanza ya mwezi wa Mei, ilikuwa inakaribia. Kila mtoto alikuwa akizungukazunguka uani akikariri mistari yake ya Biblia, na kila nyumba ilikuwa imetoa nguo nyeupe sandukuni. Siku hiyo lazima watoto waingie kanisani wakiwa weupe kama povu la bahari, na wageni huja kutoka visiwa vyote. Samaki alikuwa amepanda kwenye sufuria. Waliowahi kufua walifua. Waliochelewa walikubali kuvaa nguo za mwaka jana jinsi zilivyo.

Jumatano Mwalimu alipanda gari kwenda mjini Pangai kwenye mkutano wa walimu. "Mwache kwenye sufuria mpaka nirudi," alimwambia Toki. "Yaliyopo yatatufikisha Jumapili na wageni wetu, tukiyaheshimu."

Alhamisi asubuhi, Toki alipofika tangini, alimkuta shangazi yake Lavinia. Alikuwa amesimama wima na beseni limejaa nguo, na shingoni, kama siku zote, amevaa uzi wenye ufunguo. Ufunguo ule ulikuwa wa bomba la tangi lake mwenyewe, tangi la plastiki walilomletea wanawe kutoka Nyuzilandi. Lilikuwa limejaa, kila mtu alijua. Alilitunza kwa ajili ya wageni.

Lazima ieleweke kwamba kwa watu wa kule dada wa baba hapingwi. Baba yake Toki, mvuvi mwenye mabega kama mlango, alikuwa akishusha sauti dada yake anapoingia. Watoto wa ndugu wa kiume ni watoto wa shangazi kuwatuma, kuwakemea na kuwabariki, na wao humjibu "naam" tu.

"Toki."

"Naam, shangazi."

"Samaki wako ana nini leo?"

"Yuko kwenye sufuria, shangazi. Mwalimu amesema akae hapo mpaka arudi."

"Mshushe kwenye beseni."

Toki alidhani hakusikia vizuri. "Maji hayajaongezeka, shangazi."

"Kwani nimekuuliza maji? Wanangu wanashuka kesho na wake zao na watoto. Nguo hizi zimekaa sandukuni zimeota madoa ya manjano. Nikizifua kisimani zitatoka na rangi ya chai, niwaingize kanisani wajukuu wangu kama vitambaa vya kupangusia meza? Na nikifua hapa samaki akiwa juu, wake za watu watanisema mpaka Krismasi. Mshushe. Nikimaliza mrudishe. Nani atajua?"

Swali kuhusu tangi la plastiki lilifika kwenye ulimi wa Toki, akalimeza. Alitazama chini, akaona vidole vya miguu ya shangazi vikigongagonga kandambili kwa kukosa subira. Kutoka shuleni ulisikika mtungi wa gesi ukigongwa. Huo ndio uliokuwa kengele yao.

Akamshusha samaki. Akamtundika kwenye msumari wa chini, mbele ya beseni. Shangazi alimpapasa shavu.

"Mtoto mzuri. Kimbia, utachelewa."

Toki alijiambia atamrudisha wakati wa mapumziko. Lakini mapumziko yalipofika, uwanja wa tangi ulikuwa umejaa mabeseni. Mwanamke mmoja alipita, akaona samaki yuko chini, akamwita mwenzake, naye akamwita mwenzake. Mashati meupe yalikuwa yametandazwa juu ya ukuta wa makaburi. Watu waliimba. Shangazi Lavinia alikuwa ameshamaliza na kwenda zake.

Katikati yao alikuwepo bibi Kalolaine, amekaa juu ya kigoda, akisugua gauni dogo la mjukuu wake.

"Toki, mwanangu, hii ni baraka," alisema. "Nimeamka nikaambiwa samaki ameshuka. Kumbe mvua imenyesha usiku na mimi sikuisikia. Masikio yangu ndiyo yamekwisha sasa."

Toki aliyatazama mabeseni. Angesema nini? Kwamba mvua haikunyesha? Wangeuliza nani aliyemshusha samaki, na baada ya hapo wangeuliza kwa nini. Alirudi darasani bila kula mkate wake. Mchana bomba la tangi lilikohoa, likatoa maji membamba ya rangi ya udongo, likanyamaza.

Mwalimu alirudi Ijumaa, uso umesawijika. "Niliiona nambari ikianguka," alimwambia baba yake Toki pale barabarani. "Nikadhani mjusi amekalia lile jicho. Maji gani yanashuka kwa siku moja vile? Sikupiga simu kumuuliza mtu yeyote."

Ijumaa ileile meli iliwashusha wageni. Wanakijiji waliwapokea kwa mashada ya maua na midomo mikavu. Watu walikwenda kisimani. Watoto wadogo walitema maji yale. Toki alimbebea bibi Kalolaine ndoo, na njiani bibi yule alikuwa akisimama kupumzika na kuzungumza peke yake.

"Nimefua gauni moja tu," alisema. "Pengine ningeacha. Lakini samaki aliniruhusu, Toki. Au nilitamani mno, ndiyo maana nikaona nilichotaka kuona? Usiku nimemwomba Mungu anisamehe kwa kuwanywea watu maji yao."

Toki alihamishia ndoo mkono wa pili, akaendelea kutembea. Alitua ndoo mlangoni pa bibi, akaenda kukaa nyuma ya nyumba yao, mahali ambapo babu alikuwa akichonga mashua. Palikuwa pamebaki gogo tu. Alikumbuka siku moja ambapo mtu alimwomba babu amshushe samaki kidogo kwa ajili ya harusi. Babu alicheka akamwambia, "Mwombe Mungu alete mvua. Mimi nilimchonga tu, anayemwendesha ni maji." Wakati ule Toki aliona ni mzaha.

Jumamosi asubuhi ngoma ya kanisani ilipigwa, watu wakaja ukumbini. Walikaa chini kwenye mikeka, kila mmoja amejifunga mkeka wake wa kiunoni kama ilivyo desturi. Mzee Maka, mtunza kanisa, aliomba dua, kisha akaeleza walichokijua wote: tangi limekauka, wageni wako nyumbani, kesho ni siku ya watoto, na mawingu ya mvua hayaonekani.

"Tangu zamani hatujapata aibu hii," alisema. "Kwa maoni yangu kijisanduku kile kimetudanganya. Kitolewe. Na samaki arudi ukutani, akapumzike."

Wengi waliitikia. Mama mmoja akasema hakuwahi kukipenda kile kijicho, kinamkodolea. Mwalimu Folau alikuwa amekaa karibu na mlango, miwani mkononi.

"Pengine nimekifunga vibaya," alisema polepole. "Mkiamua kitolewe, nitakitoa mwenyewe. Niwieni radhi."

"Samaki wa Penisimani hajawahi kudanganya mtu," bibi Kalolaine alidakia. "Tusimsingizie. Ni sisi tuliochota bila kusikiliza. Nianze na mimi mwenyewe."

Toki alikuwa amekaa nyuma, kati ya watoto. Aliwatazama wote wawili, Mwalimu na bibi, kila mmoja akibeba mzigo ambao hakuupakia. Mbele, mahali pa heshima, alikaa shangazi Lavinia na wageni wake, mgongo umenyooka. Toki alijisogeza kwa magoti mpaka katikati, akainamisha kichwa kama mtoto anavyotakiwa mbele ya wakubwa.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa sauti, binti," alisema mzee Maka.

"Ni mimi niliyemshusha samaki. Kijisanduku hakikudanganya, Mwalimu aliniambia sufuria. Bibi Kalolaine hakukosea, masikio yake ni mazima. Mvua haikunyesha. Nilimshusha kwa mkono wangu."

Baba yake aliinua uso.

"Nani alikutuma?" aliuliza mzee Maka.

Toki alizidi kuinama.

"Nguo ulikuwa nazo za kufua?"

"Sikuwa nazo."

"Basi mtoto anaamka tu asubuhi na kucheza na maji ya watu? Sema, nani alikutuma?"

"Mkono ni wangu," alisema Toki, na machozi yakaanza kudondoka kwenye mkeka.

Mwalimu alikohoa. "Mzee wangu, naomba neno. Kama ni kosa, mimi nimo. Tangi lilikuwa likiiambia simu, simu ikaniambia mimi, mimi nikamwambia mtoto, na mtoto akamwambia samaki. Njia ndefu yote hiyo, halafu mwisho wake nikaacha mwanya mkubwa wa kupitisha mkono. Enzi za mzee Penisimani mwanya huo haukuwepo. Maji na samaki walishikana kwa kamba moja. Mimi nilimrudisha samaki, nikaisahau kamba."

Baba yake Toki alisema, sauti yake nzito ikikwaruza, "Kapi ninalo. La mashua ya zamani. Mfuniko nitautoboa mwenyewe."

"Na kijisanduku?" aliuliza mtu.

"Kibaki," alisema bibi Kalolaine. "Kimsemeshe Mwalimu usiku, kisije kikapata upweke. Sisi wengine tutasemeshwa na samaki." Watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Mzee Maka hakucheka. "Hayo ni ya kesho. Leo bado sijajibiwa. Binti, nakuuliza mara ya mwisho."

"Mwache mtoto."

Ilikuwa sauti ya shangazi Lavinia. Hakusimama kwanza. Alitazama mikono yake iliyolala juu ya mapaja, na watu wakasubiri, kwa sababu akisema yeye watu husubiri.

"Nilimtuma mimi," alisema. "Alinieleza maji hayajaongezeka, nikamwambia sikumuuliza maji. Na sasa ameninyamazia mbele yenu wote kwa kuwa mimi ni dada wa baba yake. Heshima aliyolelewa nayo nimeitumia kufulia nguo." Mkwe wake mmoja alitaka kumshika mkono, akauondoa taratibu. "Watoto, sikilizeni, maana kesho mtasimama kanisani kusema maneno ya Mungu. Kuwaheshimu wakubwa ni amri, na mimi siifuti. Lakini mkubwa akikutuma useme uongo, uwe wa mdomo au wa mkono, mjibu kwa adabu, 'Shangazi, hilo siwezi.' Atakasirika. Mwache akasirike. Ukweli unamhusu kila mtu anayeutegemea, na waliokuwa wanamtegemea yule samaki wana ndoo na watoto wachanga. Toki amechelewa kusema, lakini amesema bila kusukumizwa, na hakutafuta wa kumtupia lawama. Mimi mwenye miaka yote hii nimekaa hapa nikimwacha alie."

Alimgeukia baba yake Toki. "Mfunge samaki kwenye kamba leo. Akipanda au akishuka, iwe ni maji yamemvuta. Asiguswe na mkono wa mtu. Hata wangu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Shangazi Lavinia akainuka, akaukaza mkeka wake wa kiunoni. Alikuja mpaka pale Toki alipopiga magoti. Alipeleka mkono shingoni, akavua ule uzi, akauweka mkekani mbele ya mtoto pamoja na ufunguo wa tangi la plastiki. Kisha akapita katikati ya watu waliompisha, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka bila kusema neno lingine.